Wakulima wa Akiba

Ukitaka kumfanya mwanamke mwenye akili zake timamu aongee peke yake barabarani, mtume ofisi ya kilimo akaulizie orodha ya mbolea ya ruzuku. Mimi nilitumwa na mahindi yangu. Yalikuwa yamefika magotini na yameanza kugeuka manjano, na kila aliyepita kando ya shamba alinipa ushauri ule ule, kwamba yanataka mbolea ya kukuzia, kana kwamba mimi nilikuwa nadhani yanataka kuimbiwa.

Mbolea yenyewe tulikuwa tumejiandikisha mtaa mzima tangu kiangazi. Utaratibu ulikuwa mwepesi kuusikia: unajiandikisha, unatumiwa namba ya siri kwenye simu, unaipeleka kwa wakala, unachangia kidogo, unabeba mfuko wako. Mvua ikaja, magugu yakaja, namba haikuja. Tulipomfuata wakala dukani kwake alifungua kompyuta, akatuambia kwa uso mkavu kwamba sisi wote tumeshatumiwa namba, na mifuko yetu imeshatoka. Wote. Mimi, fundi baiskeli jirani yangu, mjane wa kona, mwalimu mstaafu na wengine. Kila mtu akatoa simu yake akaitazama, halafu tukaanza kutazamana.

"Kuna mtu amekula," alisema fundi baiskeli. "Na nikimpata, mfuko wangu ataubeba kichwani mtaa mzima, mchana kweupe."

Hakuna aliyembishia. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali, tena kwa nguvu.

Wiki hiyo hiyo redio ikatangaza kwamba ofisi zote za kilimo zimeagizwa kubandika wazi majina ya waliopokea ruzuku, ili kila mwananchi aone nani kapata nini. Nikasema basi, mwizi wetu tutamkuta ubaoni. Nikajiteua mwenyewe kuifuatilia hiyo orodha, maana wenzangu nawajua. Hasira zao ni za barazani tu, zikifika mlango wa ofisi zinavua kofia.

Ofisi ya kilimo ina chumba kimoja cha wananchi na kimoja cha Bwana Mchakato. Jina hilo tulimpa sisi. Ukimuuliza mbegu, ziko kwenye mchakato. Ukimuuliza dawa ya viwavi, iko kwenye mchakato. Mtu mmoja aliwahi kumuuliza choo kiko wapi, na watu wanaapa kwamba alianza kumjibu vile vile kabla hajajishtukia. Ni mtu mpole, msafi, ana kiti chenye magurudumu ambacho gurudumu moja limeng'oka, kwa hiyo akikuzungusha na yeye anainama kidogo upande.

Siku ya kwanza aliniambia orodha ipo, ila ubao una kioo na kioo kina kufuli, na mwenye ufunguo yuko likizo. Nikaenda kuuangalia ubao. Ndani ya kioo mlikuwa na tangazo la chanjo ya kuku ambalo jua lilikuwa limeshalifuta, na mjusi mmoja aliyekauka. Nikajiuliza huyo mjusi aliingiaje bila ufunguo.

Siku ya pili aliniambia siku hizi mambo yote yako kwenye tovuti, niingie tu nijisomee. Nikampigia mume wangu, ambaye anaendesha lori na huwa yuko mbali wiki nzima, anitazamie kwenye simu yake. Akanijibu baada ya nusu siku: "Inasema ukurasa haupatikani. Mke wangu, hii vita yako ina posho?" Nikamkatia simu.

Siku ya tatu hapakuwa na karatasi. Nikatoka, nikanunua karatasi, nikarudi nikaziweka mezani kwake. Akazitazama, akashukuru, akasema tatizo lingine sasa ni wino. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikajikaza kisabuni nisilie. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimekaa chini ya bango lililoandikwa kwamba uwazi ni haki yangu, nameza machozi kwa ajili ya wino.

Niliporudi nyumbani nikamkuta mama mkwe barazani na simu za watu. Hilo nalo nilieleze. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na juu ya paa la jiko letu kuna kipande cha sola ambacho mume wangu alimnunulia mama yake. Umeme wa mtaani ukikatika, na hukatika kila ukichoka, mtaa mzima huleta simu kwake zichajiwe. Namba yake ya simu imeandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, kubwa, ili mtu apige kwanza kuuliza kama kuna nafasi. Yeye huanza na simu yake, ikijaa ndipo anachomeka za wengine. Hilo halijadiliwi.

Ni mtu mzuri, ila atakuua kwa presha. Masikio yake yamepungua nguvu, kwa hiyo anaongea na mtu aliye mbele yake kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto. Na simu yenyewe ni ugomvi wake wa kudumu. Mwaka jana aliletewa ujumbe: Hongera, umeshinda, tuma kiasi hiki upokee zawadi yako. Akatuma pesa ya ndama. Mtaa ulimcheka mpaka akaacha kwenda bombani. Tangu hapo akaapa kwamba hakuna mwizi atakayempata tena, akawa anafuta kila kinachoingia. Kafuta picha za wajukuu. Kafuta ujumbe wa msiba wa binamu yake, tukafika watu wameshatawanyika. Kuna asubuhi moja alirudi bombani kifua mbele, akatangaza kwamba usiku wezi wamemshambulia kwa pamoja, ujumbe juu ya ujumbe, zote Hongera, Hongera, na yeye kazifuta zote bila kusoma mstari wa pili. Tulimpigia makofi. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga.

"Wamekupa?" aliniuliza siku ile ya wino.

"Wamenipa danadana, mama."

"Kesho tunakwenda wote. Wewe unaongea sana, ndiyo maana hawakusikii."

Nikataka kumwambia kwamba yeye ndiye asiyesikia, nikaona niache. Kesho yake akavaa viatu vyake vya harusini, vile vinavyombana, na tukaenda.

Sijui kama ni vile viatu au ni umri, lakini Bwana Mchakato alipotuona alisimama. Wino ulikuwa umepatikana. Akatuambia tuingie chumbani kwake, tena akafunga mlango, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia. Nyuma yetu kwenye benchi alikuwa amekaa fundi baiskeli na majirani wengine kadhaa, waliokuja kuona kama leo nitarudi na kitu au na makelele tu.

Mashine ilikuwa imetoa karatasi mbili. Moja akaisukuma mbele yetu. Ya pili akaifunika kwa kiwiko.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, "wewe umenisumbua sana kuhusu uwazi. Haya, uone."

Nikaona. Majina ya mtaa wetu yalikuwa yamepangwa vizuri, mtu na mfuko wake, na pembeni safu ya namba ya simu iliyopokea ujumbe. Nilianza kusoma namba ya kwanza. Nikashuka ya pili, ilikuwa ile ile. Ya tatu ile ile. Nikashuka mpaka chini na hakukuwa na haja ya kuendelea, maana namba hiyo naijua bila kuiangalia. Naiona kila nikienda kupika. Imeandikwa kwa mkaa.

Hapo ndipo siku ya kujiandikisha iliponirudia yote. Karani alikuja mtaani na meza yake akaketi barazani kwetu kwa sababu palikuwa na kivuli. Umeme ulikuwa umekatika siku kadhaa. Yule karani alikuwa na utaratibu wake: ukimtajia namba anaipiga pale pale, isipoita anakuruka, anamwita wa nyuma yako. Simu zetu zote zilikuwa zimezima, zimelala kwenye beseni la mama mkwe zikisubiri zamu ya sola. Iliyokuwa inaita ni moja tu. Mwalimu mstaafu ndiye aliyeanza, akaitaja ya mama mkwe, ikaita, akaandikwa. Wa pili akaitaja, ikaita. Mama mkwe alikuwa anaipokea kila mara kwa sauti, "Haloo," huku karani amekaa hatua mbili kutoka kwake, na sisi tukawa tunakufa kwa kicheko. Sote tulidhani namba ni ya kumridhisha karani tu; habari ya namba ya siri tulikuja kuisikia baadaye. Mimi niliitaja kama wengine.

Na ujumbe wa serikali, nikaja kuambiwa na Bwana Mchakato mwenyewe, unaanza na neno Hongera.

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa amevaa miwani yake, kidole chake kinashuka kwenye safu ile polepole, midomo inasoma. Alipofika chini akavua miwani.

"Hii namba ni yangu," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe na mwanawe alisema kitu kwa sauti ndogo.

Bwana Mchakato akaegemea kiti, kiti kikainama. "Sasa mnaona ugumu wangu," alisema. "Mimi sina tatizo na kubandika, agizo ni agizo. Lakini nikibandika hii, mtaa mzima utaona namba moja imepokea mifuko ya watu wote. Huko nje watu wana hasira. Mtawaeleza mpaka lini? Mimi nawaonea huruma kama mama zangu. Tunaweza kusema orodha bado iko kwenye mchakato, msimu ukapita, mambo yakapoa."

Sitaficha: nilitaka kukubali. Wiki nzima nilikuwa napiga kelele za uwazi, uwazi, na sasa uwazi umefika na kumkamata mama yangu. Kichwani nilimwona fundi baiskeli akiisoma karatasi ile. Niliona beseni la simu likiwa tupu, hakuna mtu anayeleta tena simu yake kwa mwizi. Mwaka jana walimcheka akakaa ndani mwezi. Kucheka kulikuwa kwa bure; kuitwa mwizi asingekuvuka. Nikafungua mdomo niseme, basi, iache kwenye mchakato.

"Sasa mifuko imekwenda wapi?" aliuliza mama mkwe.

Bwana Mchakato alikohoa. "Namba isipotumika kwa muda fulani, mama, mfuko unahamia kwa wakulima wa akiba. Ni utaratibu."

"Akina nani hao?"

"Ni wa akiba tu."

"Mimi nilifuta ujumbe," alisema mama mkwe, na sauti yake ikaanza kurudi. "Mfuko haufutiki kwa kidole. Mfuko una mtu aliyeubeba. Nani kaubeba?"

"Hiyo ni karatasi ya ndani, mama. Haihusiani na umma." Akainua kiwiko, akaikunja karatasi ya pili, akavuta droo aifiche. Na droo ilipofunguka nikaona, juu ya kalamu na maganda ya karanga, ufunguo mdogo wenye kibandiko cheupe: UBAO.

Kuna hasira ya kupiga kelele, na kuna hasira inayokupoza mikono. Mimi ilinipoza. Nilikuwa nimemhurumia hata mjusi.

"Mwenye ufunguo amerudi kutoka likizo?" nilimuuliza.

Sikupata nafasi ya kuendelea, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshasimama. Nilidhani anataka twende nyumbani. Akaenda mpaka mlangoni, viatu vinamchechemeza, akaufungua mlango wote, akasimama mbele ya benchi.

"Jamani," alisema, na hii ilikuwa ile sauti ya ng'ambo ya mto, "namba zenu za mbolea zilikuja kwangu. Zote. Siku ile ya karani mlitaja simu yangu. Nilidhani ni wezi, nikazifuta. Nilikuja bombani nikajisifu na mkanipigia makofi. Ndiye mimi. Msitafute mwingine."

Mwalimu mstaafu alishika kichwa, nadhani alikumbuka nani alianza. Mjane wa kona alitazama chini. Fundi baiskeli alikuwa amesimama, mikono yake ina grisi, na sikuweza kuusoma uso wake. Nilijua maneno aliyokuwa ameapa.

Mama mkwe hakumsubiri. Akageuka kwa Bwana Mchakato, ambaye alikuwa ametutokea nyuma na karatasi ya kwanza mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

"Hiyo ya kwangu ibandike," alimwambia. "Ibandike juu, pasomeke. Wameshanisikia, sina cha kuogopa tena. Halafu chini yake bandika ile ya akiba."

"Mama, nimekueleza ile ni ya ndani."

"Yangu ya nje, yako ya ndani?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Akaguna mwingine. Nilirudi chumbani, sikuomba ruhusa, nikachukua ufunguo na karatasi iliyokunjwa. Aliponiambia kwamba kushika nyaraka za serikali ni kosa, nilimjibu kwamba karatasi nimenunua mimi, risiti ninayo. Sijui kisheria jibu hilo lina uzito gani. Siku ile lilitosha.

Kufuli lilikuwa na kutu likanisumbua, fundi baiskeli akanipokea ufunguo, akautia grisi ya kidole chake, likafunguka. Nikatoa tangazo la kuku na mjusi. Nikabandika ya kwanza juu, kama alivyotaka. Nikainyoosha ya pili chini yake.

Watu walianza na ya juu, kila mtu akitafuta jina lake, kisha wakateremka. Majina ya akiba hayakuwa mengi, lakini hakukuwa na hata moja tusilolijua. Kulikuwa na mwenye ukumbi wa harusi, ambaye ardhi yake yote ni kile kibustani cha maharusi kupigia picha. Yeye alipata mifuko sita. Kulikuwa na wakala mwenyewe, yule wa uso mkavu. Kulikuwa na mwenye gereji ambaye kwake haioti hata nyasi kwa ajili ya oili. Na mwisho kabisa, mifuko minane, mke wa Bwana Mchakato, ambaye sote tunamjua ni mshonaji na anaishi ghorofani.

Niligeuka kumtafuta mumewe. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa.

Fundi baiskeli alisoma karatasi ya juu mpaka mwisho, na ya chini mpaka mwisho, midomo ikicheza. Halafu akamgeukia mama mkwe, ambaye alikuwa amejishikiza ukutani kwa sababu ya viatu.

"Mama," alisema, "umesema ulizifuta kwa sababu ulidhani ni wezi?"

"Ndiyo, mwanangu. Nilikosea."

Akatazama tena ubaoni. "Hukukosea sana," alisema.

Mbolea ya msimu ule hatukuipata, nisiwadanganye. Malalamiko yetu tuliyapeleka juu, na huko juu wakatuambia yako kwenye mchakato. Mahindi yangu yalizaa vibunzi. Lakini siku ile mama mkwe alikataa katakata kurudi nyumbani. Alisema watakuja wengine kusoma na yeye hataki wasimuliwe na mtu, anataka kuwaambia mwenyewe. Akabaki amesimama pale chini ya ubao, kila anayefika anamwonyesha kwanza namba yake, halafu anamshusha kwa kidole mpaka karatasi ya pili. Nilipoona miguu imeanza kumvimba, niligonga mlango wa Bwana Mchakato, nikaingia, nikamwomba asimame, nikamtolea mama kile kiti cha magurudumu.